Muulize Fundi: Milango yangu yatoka upogo

Mwezi huu barua nyingi ni za meza, sijui kumeingia nini. Labda ni kwa sababu kusi limeanza kuvuma, watu wa bahari wamekaa majumbani na sasa wanatazama kazi zao za nchi kavu. Barua ya kwanza nimeiachia nafasi kubwa kuliko wenzake. Walioniuliza juu ya vanishi wanisamehe, wangoje mwezi ujao.

Asalaam aleikum, Ami Fundi. Mimi ni kijana wa Langoni, hapa Amu (Lamu). Nina karakana chini ya nyumba ya mjomba, chumba cha futi 9 kwa 14. Natengeneza milango, madirisha na vitanda. Ninayo meza ya kupigia randa niliyorithi pamoja na jiriwa lake, lakini kuunga naunga sakafuni. Juzi nilitengeneza mlango wa futi 7. Pembe zote nilizipima kwa skwea zikawa sawa, lakini nilipoutia bawaba pembe ya chini ikatoka nje karibu inchi nzima. Mwenyewe akaukataa. Sasa nataka meza ya kuungia tu, iwe rahisi, ya saipresi na plaiwudi. Mlango wa karakana ni mwembamba, futi 2 na nusu. Meza iwe ya kimo gani? Nitumie misumari au skurubu? Na itakaaje sawa juu ya sakafu ya nyumba ya kale, ambayo ukimwaga maji yote hukimbilia pembe moja?

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Skwea yako haikukudanganya, usiitupe. Kazi ya skwea ni kutazama pembe iliyolala. Haioni kama pembe hiyo imeinuka kuliko wenzake. Hata ukipima mshazari, kona kwa kona, mlango wa upogo utakupa vipimo sawasawa huku umejisokota kama jani kavu la mgomba. Ulichokosa ni mahali pa kuulaza. Umeunga juu ya sakafu ambayo wewe mwenyewe wasema maji yake hukimbilia pembe moja. Klampu zikakaza, gundi ikashika, mlango ukachukua umbo la sakafu. Ungeuacha palepale ulipouungia, ungeonekana sawa kabisa.

Na hapa nikueleze jambo ambalo vijana wengi hulichanganya. Sakafu kuinama si neno. Ingeinama yote kwa pamoja, kama ubao uliolazwa juu ya mteremko, mlango wako ungetoka safi. Ubaya ni kuwa imeinama pembe moja na tatu zimebaki. Kwa hiyo meza yako si lazima iwe sawa na pimamaji. Lazima iwe uso mmoja. Ukiyatenganisha hayo mawili kichwani mwako, nusu ya kazi imekwisha.

Mimi nilifundishwa kwa aibu. Nilikuwa na umri kama wako, nimeunga milango miwili ya kabati juu ya mkeka, kwa mteja wa Mkomani. Marehemu baba alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, alikuja mjini kununua misumari akapita kunijulia hali. Alitia kidole kimoja kwenye pembe ya mlango, akabonyeza, akaacha, akabonyeza tena. Akasema, "Yateza." Ndiyo lugha yetu: inacheza. Hakuongeza neno, akapanda punda wake akarudi Matondoni. Mtu ambaye kazi yake yote haina mstari ulionyooka hata mmoja, kila ubao wa jahazi umepinda kwa makusudi, aliuona upogo wa robo inchi kwa kidole. Nilikasirika siku tatu.

Sasa tuje kwenye meza.

Chumba chako ni cha futi 9 kwa sababu ya boriti. Wazee waliojenga nyumba hizo walikuwa na mikoko ya urefu fulani tu wa kushikilia dari la mawe na chokaa, basi chumba kikawa chembamba na kirefu. Huwezi kugombana na boriti, panga pamoja nazo. Meza yako ya zamani iweke kwenye ukuta mfupi. Itakula futi 2, zinabaki 12. Meza mpya iwe ya futi 8 kwa 3, isimame katikati, haigusi ukuta popote. Utabaki na futi 2 kila kichwa na futi 3 kila ubavu, za kupita na klampu mkononi bila kugonga kiwiko. Usishawishike kuifanya ya futi 4 eti kwa kuwa plaiwudi huja 8 kwa 4. Mlango wa Kilamu ni wa mabawa mawili; bawa moja halifiki futi 3. Mwambie mwenye duka akukatie ukanda wa futi moja kando. Usiuache dukani, nitakwambia wa nini.

Kabla hujanunua, chukua fito la futi 8, ligeuze kutoka kichochoroni uingie nalo karakana likiwa limelala. Likikwama konani, meza itakwama vilevile siku ya kuhama, na hapo ndipo utaamua kuifupisha. Na plaiwudi usiibebe kwa njia ya pwani wakati wa kusi. Mimi niliwahi. Upepo uliingia chini yake ikawa tanga, nikaenda nayo hatua kumi bila hiari yangu mpaka kwenye ngazi za bandari, mbele ya mabaharia waliokuwa wakila mahamri. Pita Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani ya mji, polepole, ukiwapisha punda.

Kimo. Meza ya randa hupimwa kwa kusimama wima na kuachia mikono: uso wake ufike kwenye kifundo cha mkono au chini yake kidogo, ili uzito wa mwili usukume randa. Ya kuungia iwe chini zaidi, kwa sababu kitu unachokiunga kina kimo chake nacho. Ukiweka kabati juu ya meza ya inchi 34, utahitaji ngazi kupiga skurubu ya juu. Yangu ni ya inchi 26 pamoja na uso wake. Mtu mrefu afanye 28. Jirani yangu mmoja alifanya 30 kwa kuwa ndicho kimo cha meza ya kulia, na sasa meza ile kweli wanalia chakula.

Mbao za saipresi zinakuja kutoka bara kwa lori hadi Mokowe, kisha kwa mashua, na zikifika huwa zimekunywa safari yote. Niliwahi kuuziwa na duka moja, silitaji, mbao zilizoitwa kavu. Nilizipiga randa asubuhi zikawa kama rula, baada ya wiki mbili zikawa kama mapanga. Ulaze ubao shavuni: ukiwa baridi kuliko wenzake, bado una maji. Zipange chumbani kwa kutenganisha kwa vijiti, upepo upite katikati. Kwa meza hii wiki kadhaa ndani ya chumba kilekile zitakusaidia sana, ingawa kanuni ya mafundi wa zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Miguu ni minne, ya inchi 3 kwa 3. Kila miwili iunge kwa mbao mbili za 4 kwa 2, moja juu na moja karibu na chini, kwa ulimi na tundu, na gundi. Hizo ni fremu mbili za vichwani, na hazitafunguliwa tena. Kisha mbao mbili za 6 kwa 2, za urefu wa futi 6, ziunganishe fremu hizo kwa bolti za milimita 10, mbili kila kona, na washa pande zote. Spana ya 17 inatosha kuifungua siku ukihama. Futi 6 si kosa: uso ni futi 8, kwa hiyo kila kichwa kitatokeza futi moja, na hapo ndipo klampu zitakapong'ata. Ule ukanda wa plaiwudi ukate pembetatu nane, uzipigilie kona za ndani kati ya miguu na mbao ndefu. Pembetatu haisukumiki. Meza isiyokuwa nazo utaiona ikiyumba kama mlevi kila ukisukuma, hata ikiwa na bolti za meli.

Sasa hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ili kutengeneza uso ulionyooka unahitaji uso ulionyooka wa kuulazia, nao ndio usiokuwa nao. Kama kuku na yai. Njia ya kutoka ni vijiti viwili.

Tafuta vijiti viwili vya mbao ngumu, futi 3 kila kimoja, upana inchi 2, kingo zake zimenyooka. Kujua kama umenyooka, chora mstari kwa penseli kwa kuufuata ukingo, kigeuze kijiti upande wa pili, chora tena palepale. Mistari ikilingana, kijiti ni cha kweli. Ikiachana katikati, piga randa urudie. Kimoja kipake rangi nyeupe ukingoni. Weka fremu mahali meza itakapokaa, tia kabari chini ya miguu mpaka isiteze. Laza kijiti kimoja kwa kukatiza mbao mbili ndefu kichwa cha huku, na kile cheupe kichwa cha kule. Chutama, macho yawe sawa na ukingo wa kijiti cha karibu, uchungulie. Ukiona weupe mwingi upande wa kulia kuliko kushoto, kule kulia kumeinuka. Sogeza kabari au piga randa ubao, uchungulie tena. Mimi huchukua asubuhi nzima kwa hili, mke wangu huuliza kama nimepotelewa na kitu chini ya meza.

Wenye shaka wathibitishe kwa mshipi wa kuvulia. Vuta miwili kutoka kona hadi kona, ikatizane katikati. Ikiwa inagusana tu bila kusukumana, uso ni mmoja. Kisha badilisha, wa chini uwe wa juu, utazame tena, maana wa juu ukibanwa na wa chini hauwezi kukuonyesha upogo.

Uso wenyewe usiufanye wa mbao nene zilizopangwa kando kwa kando. Mbao hunenepa upana na kukonda kwa majira. Wakati wa masika zitasukumana, kaskazi likipiga zitaachana, skurubu zikudondokee mvunguni. Fanya sanduku jembamba. Mbao za 4 kwa 1 zisimame kwa ukingo: mbili ndefu za futi 8 ubavuni, na za kukatiza tisa, kila futi moja, ukihesabu zile za vichwani. Zote zipigwe randa kwa pamoja ziwe na upana uleule, hilo usilifanyie dharau. Chini plaiwudi ya milimita 6, juu ya milimita 12. Likishaungwa linakuwa jepesi na gumu, kama sega la nyuki, watu wawili wanalibeba.

Lakini sanduku hili lina tabia moja: gundi ikikauka, umbo lililokuwa nalo saa ile ndilo litakalobaki nalo. Ukiliunga limenyooka litanyooka, ukiliunga upogo utakuwa umejitengenezea kiwanda cha milango ya upogo. Ndiyo maana tuliunga juu ya fremu iliyochunguliwa, si sakafuni. Laza plaiwudi ya chini, unga mbavu kwa gundi na misumari midogo, chungulia tena kwa vijiti juu ya mbavu, ndipo ufunike. Badala ya klampu ishirini usizokuwa nazo, panga madumu sita ya maji ya lita 20 juu yake, kila moja juu ya mbavu. Hizo ni kilo 120. Uache mpaka kesho yake.

Kwa hiyo jibu la misumari au skurubu ni hivi: ndani ya sanduku gundi ndiyo ifanyayo kazi, msumari unashikilia tu mpaka ikauke. Miguu ni bolti. Uso usiupigilie juu ya fremu. Utie vipande vinne vya mbao kwa chini, kila kimoja na skurubu zake, ili uufungue. Nunua zilizopakwa zinki. Chuma kitupu hapa kwetu hakimalizi mwaka mmoja bila kutu. Na kichwa chochote kitakachobaki juu ya uso kizamishe, vinginevyo kitakwaruza kitanda cha mtu siku ya mwisho kabisa, baada ya msasa.

Sakafu usiisumbue kwa simiti, nyumba si yako. Zile kabari za chini ya miguu zikate za mbambakofi, ziandike namba, na miguu izungushie alama ya penseli sakafuni. Ukifagia na meza ikasogea, unairudisha kwenye alama. Kila msimu ukibadilika chungulia mara moja.

Uso usiupake vanishi, kazi itateleza. Usugue mshumaa, gundi inayodondoka ikikauka utaibandua kwa tindo butu. Chini ya kila kiungo weka kipande cha nailoni. Gazeti hushika, na halafu mlango wa mteja unakuwa na habari za michezo.

Kuhusu klampu: usizinunue zote kwa mpigo. Pigilia ubao mmoja ulionyooka ukingoni mwa meza, ubao mwingine mkabala, na kati ya ubao huo na kazi yako tia kabari mbili zinazokutana kinyume. Ukizigonga zinasukuma kwa nguvu ambayo hutaamini. Kitu kisicho na ukingo, kama kiti, kifunge kamba mara mbili, pitisha kijiti katikati usokote. Baba akivuta mbao za jahazi kwa njia hiyohiyo. Ila usikaze mpaka mbao ipige kelele. Klampu iliyozidi nayo hupinda mlango, hata juu ya meza nzuri.

Ule mlango uliokataliwa usiuchome. Kama viungo havina skurubu, jaribu kufungua ulimi mmoja kwa mvuke wa birika na subira, uunge upya.

Ami, mwanangu wa miaka 16 anafundishwa nakshi hapa Shela. Kutwa anakaa chini kwenye mkeka, mbao ameishika kwa miguu, jioni analalamika mgongo. Nimtengenezee meza kama za mafundi wa shule?

Mama yangu, mwalimu wake akimwona na meza ndefu atafikiri mmemwasi. Kukaa chini kuna maana yake: mguu wa mchonga nakshi ndio jiriwa lake, anaugeuza ubao kwa kidole cha gumba kabla wewe hujafungua hata mzunguko mmoja wa jiriwa la chuma. Mtengenezee ubao mpana wa futi 2, uinue upande wa mbali kwa inchi 4, upigilie kijiti chembamba chini ili kazi isiteleze, na kigoda kifupi cha kukalia badala ya mkeka mtupu. Magoti yatashuka, mgongo utanyooka. Na ainuke. Wachongaji wa umri huo husahau hata kula.

Niko Malindi. Nina boriti za mkoko zilizobaki kwenye ujenzi. Naweza kuzifanya miguu ya benchi la nje?

Waweza, na miguu itakuzidi umri ukiiweka juu ya mawe badala ya mchanga. Chagua zilizokauka, zisizo na ufa uliopita kati kwa kati. Usijaribu kupigilia msumari bila kutoboa kwanza. Utapinda misumari na hasira. Chonga bapa moja kwa tezo pale ubao wa juu utakapokaa. Usishangae ukiona weusi kuzunguka bolti: mkoko una tanini ileile ya kutengenezea ngozi, ikikutana na chuma inakuwa wino. Si kuoza. Kwa benchi la ndani la kuungia sikushauri, ni nzito na hakuna miwili inayolingana.

Jiriwa langu limeshika kutu, halizunguki. Nimelimwagia mafuta ya taa, bado. Karibu nalo nimeweka mtungi wa maji ya bahari ya kunolea.

Lipe siku mbili, si saa mbili. Toa parafujo yote, isugue kwa brashi ya waya, futa, upake grisi. Na ule mtungi wa maji ya bahari unaosema umeuweka karibu nalo kwa ajili ya kunolea, uhamishe.